Maziwa ya Soya na Karanga: Upimaji wa Sumukuvu Uanzie Kwenye Punje

Moshi. Katika masoko ya Mbuyuni, Kiboriloni na Himo mkoani Kilimanjaro, soya, karanga na ulezi huuzwa kwa kisado na kwa debe, magunia yakiwa wazi ili mnunuzi ajionee bidhaa kwa macho. Kutoka katika magunia hayo hupatikana maziwa ya soya, maziwa ya karanga na unga wa lishe unaotumika katika kaya nyingi kuanzia mjini Moshi hadi vijiji vya miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Wapo wanaokunywa maziwa ya mimea kwa sababu maziwa ya ng'ombe huwasumbua tumbo, wapo wanaoyatumia wakati wa mfungo au kwa misingi ya imani inayohimiza ulaji wa mboga na nafaka, na wapo wajasiriamali wanaoyatengeneza kwa ajili ya kuuza.

Maziwa hayo ni chanzo kizuri cha protini. Hata hivyo, usalama wake hutegemea jambo moja ambalo mnunuzi hawezi kulithibitisha kwa macho, yaani iwapo punje zilizosagwa zilikuwa na sumukuvu au la. Makala hii inaeleza sumukuvu ni nini, namna inavyopimwa, na kwa nini kipimo cha maziwa yaliyokwisha kutengenezwa hakiwezi kuchukua nafasi ya kipimo cha punje kabla hazijalowekwa.

Sumukuvu ni nini

Sumukuvu ni kemikali za sumu zinazozalishwa na baadhi ya aina za kuvu wanaoota kwenye mazao yakiwa shambani, wakati wa kukaushwa au ghalani. Inayofahamika zaidi ni aflatoksini, ambayo huzalishwa hasa na kuvu aina ya Aspergillus flavus na Aspergillus parasiticus. Jina hilo lilitokana na kuvu huyo wa kwanza, baada ya zaidi ya batamzinga 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyokuwa na sumu hiyo.

Aflatoksini zinazopatikana kwenye nafaka, karanga na mbegu za mafuta ni za aina nne kuu, nazo ni B1, B2, G1 na G2. Herufi hizo zinatokana na rangi za buluu na kijani zinazoonekana sumu hizo zinapomulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Aina ya B1 ndiyo hatari zaidi. Mnyama au mama anayenyonyesha anapokula chakula chenye B1, mwili huibadili na kutoa aina nyingine iitwayo M1 katika maziwa. Kwa sababu hiyo, maziwa ya ng'ombe hupimwa M1, ilhali maziwa ya mimea hupimwa aina nne za mwanzo, kwa kuwa hapo punje yenyewe ndiyo iliyogeuzwa kuwa maziwa.

Sumu nyingine inayofuatiliwa kwa karibu ni fumonisini, ambayo huzalishwa na kuvu wa jamii ya Fusarium na hupatikana zaidi kwenye mahindi. Soya kwa kawaida hushambuliwa na aflatoksini kwa kiwango kidogo kuliko mahindi na karanga. Unafuu huo hupotea pale soya inapohifadhiwa ikiwa na unyevu, au inapochanganywa na karanga na mahindi katika unga wa lishe, kwa kuwa kiambato kimoja kibovu hutosha kuchafua mchanganyiko wote.

Kwa nini suala hili linaugusa Mkoa wa Kilimanjaro

Miteremko ya Kilimanjaro ina mazingira yanayotofautiana ndani ya mwendo mfupi. Ukanda wa juu una baridi, ukungu na mvua nyingi, na ukanda wa chini ni wa joto na wenye vipindi vya ukame. Kuvu wa Fusarium hustawi palipo na unyevu, ambapo Aspergillus hushambulia zaidi mazao yaliyopatwa na joto na ukosefu wa maji. Mazao ya kanda zote mbili hukutana katika masoko yale yale, hivyo mlaji wa Moshi anaweza kukabiliwa na sumu za aina zote mbili.

Wilaya ya Rombo ni miongoni mwa maeneo nchini yaliyofanyiwa utafiti wa kina kuhusu jambo hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulihusisha watoto wachanga 215 wilayani humo. Ulibaini kuwa watoto waliopata fumonisini kupita kiwango kinachovumilika kwa siku kupitia vyakula vya mahindi walikuwa, walipofikisha umri wa miezi 12, wafupi kwa wastani wa sentimita 1.3 na wepesi kwa wastani wa gramu 328 ikilinganishwa na wenzao. Utafiti mwingine uliofuatilia watoto 166 katika mikoa ya Kilimanjaro, Iringa na Tabora, na kuchapishwa mwaka 2015, nao ulionesha uhusiano kati ya fumonisini na kudumaa kwa ukuaji.

Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa maziwa ya akina mama 143 wanaonyonyesha kutoka eneo hilo la kaskazini. Sampuli zote zilikutwa na aflatoksini M1. Matokeo hayo si sababu ya mama kuacha kunyonyesha. Maziwa ya mama yanabaki kuwa chakula bora kwa mtoto, pekee kwa miezi sita ya mwanzo na pamoja na vyakula vya nyongeza hadi umri wa miaka miwili au zaidi. Ujumbe wake ni kwamba chakula cha mama kinapaswa kulindwa, na kwamba kumwachisha mtoto ziwa na kumpa maziwa ya soya au karanga ambayo hayajapimwa kunaweza kumwongezea hatari badala ya kumwepusha nayo.

Funzo la mwaka 2016

Tanzania imeshuhudia madhara ya haraka ya sumu hii. Kati ya Juni na Novemba 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara ilikumbwa na mlipuko wa ugonjwa uliothibitika kutokana na aflatoksini kwenye mahindi. Wagonjwa 68 waliripotiwa na 20 kati yao walifariki dunia. Dalili zilizoonekana ni pamoja na macho kuwa ya manjano, kutapika, tumbo kujaa na miguu kuvimba. Miaka 12 kabla ya hapo, mlipuko wa aina hiyo mashariki mwa Kenya ulikuwa umesababisha vifo 125 kati ya wagonjwa 317.

Milipuko ya namna hiyo hutokea pale mtu anapokula kiasi kikubwa cha sumu kwa muda mfupi. Madhara yanayowapata watu wengi zaidi ni yale yanayokuja polepole kwa kula kiasi kidogo kila siku. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeziweka aflatoksini katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hususan saratani ya ini. Kwa mtu mwenye maambukizi ya homa ya ini aina ya B, hatari hiyo inaweza kuongezeka hadi mara 30. Hii ni sababu mojawapo ya wazazi kuhakikisha watoto wanakamilisha ratiba ya chanjo, ambayo inajumuisha kinga dhidi ya homa hiyo.

Suala hili linagusa pia kipato. Machi 5, 2021, Kenya ilisitisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye biashara ilifunguliwa kwa masharti, likiwemo la kuwa na cheti kinachoonesha kuwa aflatoksini haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Kwa mkoa unaopakana na Kenya na wenye vituo vya mpakani vya Holili na Tarakea, karatasi ya maabara imekuwa sehemu ya mzigo.

Kuchemsha hakuondoi sumu

Maziwa ya soya hutengenezwa kwa kuchambua punje, kuziloweka usiku kucha, kuziosha, kuzisaga na maji, kuchuja na kuchemsha. Kuchemsha ni hatua ya lazima, kwa kuwa huua vijidudu na kuondoa kemikali za asili katika soya mbichi zinazozuia usagaji wa protini tumboni. Wengi hudhani kuwa hatua hiyo huondoa na sumukuvu.

Dhana hiyo si sahihi. Aflatoksini huanza kuvunjika katika joto la zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi, wakati maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, na chini ya hapo katika vijiji vya mlimani. Moto wa jikoni huua kuvu na kuiacha sumu aliyokwisha kuizalisha. Kuchuja nako hakutoshi. Sehemu ya sumu hubaki kwenye makapi na sehemu nyingine huingia kwenye maziwa. Kwa sababu hiyo, makapi ya soya au karanga yenye sumu hayafai kulishwa ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa sumu hiyo hurudi nyumbani ikiwa M1.

Jinsi upimaji unavyofanyika

Kuna vipimo vya aina mbili ambavyo mara nyingi huchanganywa. Cha kwanza ni kipimo cha kuvu wenyewe. Mtaalamu huweka kiasi kidogo cha maziwa au unga kwenye chakula maalumu cha kuoteshea vimelea, huacha kwa takriban siku tano katika joto la nyuzi 25, kisha huhesabu makundi ya kuvu yaliyoota. Kipimo hiki huonesha hali ya usafi na uwezekano wa bidhaa kuharibika, lakini hakisemi iwapo kuna sumu. Maziwa yaliyochemshwa yanaweza kukutwa hayana kuvu hata mmoja na bado yakawa na aflatoksini. Vilevile, si kila kuvu aliyeota huzalisha sumu.

Cha pili ni kipimo cha sumu. Hatua yake ya kwanza, na ndiyo yenye makosa mengi, ni uchukuaji wa sampuli. Sumukuvu haisambai sawasawa ndani ya gunia. Punje chache zinaweza kubeba sumu kali huku maelfu ya punje za jirani zikiwa salama. Anayechota konzi moja juu ya gunia anaweza kupata jibu zuri lisilo la kweli. Utaratibu sahihi ni kuchukua vijisehemu vingi kutoka juu, katikati na chini ya magunia mbalimbali, kuvichanganya, kuvisaga vyote kwa pamoja, na ndipo kupunguza hadi kiasi kinachohitajika maabara.

Unga huo huchanganywa na kimiminika, aghalabu methanoli na maji, ili kuitoa sumu kwenye chakula. Baada ya kuchujwa, yapo machaguo matatu. La kwanza ni kipande cha kupimia kwa haraka, kinachofanana na kile cha kupima malaria, ambacho hutoa jibu ndani ya dakika chache na kinaweza kutumika ghalani au kiwandani. La pili ni kipimo cha kingamwili kinachofanyika kwenye visahani vya vishimo vingi, kinachowezesha kupima sampuli nyingi kwa pamoja. La tatu ni kromatografia ya kimiminika, ambayo hutenganisha B1, B2, G1 na G2 na kuonesha kiasi cha kila moja. Hiki ndicho kipimo cha uthibitisho pale panapotokea ubishi au pale bidhaa inaposafirishwa nje ya nchi.

Taa ya urujuanimno, ambayo baadhi ya wanunuzi huitumia kumulika mahindi, inaweza kuonesha punje zinazotia shaka. Haitoi kiasi cha sumu, na kutoonekana kwa mng'ao si uthibitisho wa usalama.

Namna ya kusoma matokeo

Viwango vya Afrika Mashariki vinavyotumika nchini kwa mahindi, karanga na soya vinataka jumla ya aflatoksini isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na B1 peke yake isizidi mikrogramu 5. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Kwa maziwa ya ng'ombe, kikomo cha M1 ni mikrogramu 0.5 kwa kilo.

Kosa linaloweza kujitokeza ni kupima maziwa ya mimea na kuyahukumu kwa kikomo cha punje. Mfano ufuatao unaonesha tatizo hilo. Mjasiriamali ana kilo moja ya karanga yenye mikrogramu 20 za aflatoksini, yaani mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa. Kwa kilo hiyo anatengeneza lita nane za maziwa. Hata kama sumu yote itaingia kwenye maziwa, kila lita itakuwa na mikrogramu 2.5. Akilinganisha na 10 ataona amefikia robo tu ya kikomo na kuamini kuwa bidhaa yake ni salama, wakati karanga zenyewe zilipaswa kukataliwa.

Maji yameipunguza sumu katika kila lita bila kuiondoa, na mtu hunywa maziwa kwa glasi, si kwa punje. Zaidi ya hayo, kiasi hicho cha mikrogramu 2.5 ni mara tano ya kikomo cha M1 katika maziwa ya ng'ombe, ilhali B1 ni sumu kali kuliko M1. Aidha, kipande cha kupimia kilichotengenezwa kwa ajili ya nafaka kinaweza kushindwa kabisa kuona kiasi kidogo kilichomo katika kimiminika na kutoa jibu la "hakuna". Kipimo cha maziwa kinahitaji njia yenye uwezo wa kuona viasi vidogo zaidi na iliyothibitishwa kwa bidhaa ya aina hiyo.

Watafiti wa Uhispania waliochunguza vinywaji vya soya, mchele na shayiri vilivyokuwa sokoni, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2017, walitumia mitambo ya kiwango cha juu na kukuta viasi vidogo vya sumukuvu katika baadhi yake. Hivyo suala hili si la viwanda vidogo pekee wala la Afrika pekee. Jibu la uhakika ni kupima punje kabla ya kulowekwa, kisha kupima maziwa kama uhakiki wa mwisho.

Wajibu wa mzalishaji na taasisi za umma

Tangu mwaka 2019, jukumu la kusimamia usalama wa chakula nchini lipo chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Mjasiriamali mdogo anayetaka kusindika maziwa ya mimea au unga wa lishe anashauriwa kuanzia katika ofisi ya Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) ya mkoa, ambako hupata ushauri na barua ya utambulisho, kisha kuwasilisha maombi TBS kwa ajili ya ukaguzi, upimaji wa sampuli na leseni ya kutumia alama ya ubora.

Kwa upande wa kilimo, Serikali kupitia Wizara ya Kilimo imetekeleza Mradi wa Kudhibiti Sumukuvu, unaofahamika kwa kifupi kama TANIPAC, kwa ufadhili wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na washirika wake. Mwaka 2018 kilisajiliwa pia kiuatilifu cha kibaiolojia cha Aflasafe, ambacho hutumia kuvu wasiozalisha sumu kuwazidi nguvu wale wanaozalisha, mazao yakiwa bado shambani.

Mzalishaji anapaswa kutunza kumbukumbu za kila shehena, yaani ilikonunuliwa, tarehe, unyevu na matokeo ya kipimo. Pale chupa moja inapobainika kuwa na tatizo, kumbukumbu hizo ndizo zitakazowezesha kuziondoa sokoni chupa za shehena hiyo pekee badala ya kusimamisha kiwanda kizima.

Hatua za kuchukua nyumbani

Kaya isiyo na maabara bado ina uwezo mkubwa wa kujikinga. Katika utafiti uliofanyika Rombo, kaya zilizofundishwa kuchambua mahindi, kuyaanika juu ya mikeka badala ya ardhini, kuyakausha vyema, kuyahifadhi kwa kutumia viuatilifu na kuyakoboa kabla ya kusaga zilipunguza sumukuvu kwa kiasi kikubwa. Kanuni hizo zinaweza kutumika pia kwa soya na karanga kwa namna ifuatayo.

Mosi, mazao yaanikwe juu ya turubai, mkeka au kichanja, na yaanuliwe kabla ya umande na mvua. Pili, yahifadhiwe yakiwa makavu, mahindi yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5 na karanga zilizobanguliwa usiozidi asilimia 7. Kwa mahindi, asiye na kipima unyevu anaweza kutia punje na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo na kutikisa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, punje bado ni mbichi. Tatu, yawekwe katika mifuko isiyopitisha hewa au vihenge vya chuma, juu ya chaga na mbali na ukuta.

Nne, kabla ya kuloweka, punje zichambuliwe moja moja, na zile zilizopasuka, kusinyaa, kubadilika rangi, kutobolewa na wadudu au kuota ukungu zitolewe. Karanga chungu isimezwe. Tano, punje zilizotolewa zifukiwe. Zisipelekwe kwa kuku wala ng'ombe, na zisitengenezewe pombe, kwa kuwa sumu husafiri pamoja nazo. Sita, mlo ubadilishwe mara kwa mara. Mtoto anayekunywa uji wa mahindi na karanga kila siku hukutana na sumu ile ile kila siku, ilhali ndizi, viazi na mboga za kihamba humpunguzia mzigo huo.

Kuchambua hupunguza hatari na hakuimalizi, kwa sababu punje yenye sumu inaweza kuonekana nzima. Kwa anayetengeneza maziwa kwa ajili ya familia yake, uchambuzi makini wa punje kavu kutoka chanzo anachokifahamu ni kinga ya msingi. Kwa anayewauzia wengine, kinga hiyo haitoshi bila karatasi ya maabara. Mwananchi anayenunua maziwa ya soya au karanga anahimizwa kuangalia jina na anuani ya mzalishaji, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya ubora ya TBS kabla ya kulipa, na kutoa taarifa katika ofisi za shirika hilo au kwa afisa afya wa kata pale anapotilia shaka bidhaa yoyote.